Tope Lililopotea Nambunda

Jumanne, tarehe 5 Machi, saa moja na robo asubuhi. Mvua iliyoanza alfajiri ilikuwa imekatika punde. Mawingu yalikuwa chini upande wa kusini, na hapakuwa na upepo.

Tekla Chilumba aliegesha pikipiki ya ofisi kando ya daraja la mto Nambunda, akavua kofia ngumu na kuining'iniza kwenye usukani. Alikuwa mtaalamu wa vipimo vya maji katika kituo kidogo cha ofisi ya bonde la mto, Kilwa Masoko. Hakumwarifu mtu yeyote wa kijiji cha Kikole kwamba angefika siku hiyo. Jambo hilo lilimsumbua, kwa kuwa alilelewa kwamba mtu hatokei kwa watu bila taarifa. Lakini alikuwa na swali ambalo simu isingelijibu.

Swali lenyewe lilikuwa hili. Tangu Oktoba, wanakijiji watatu waliochaguliwa na vijiji vyao walikuwa wakichota maji ya Nambunda kila asubuhi, kila mmoja mahali pake. Mchotaji alisoma kwanza kina cha mto kwenye nguzo iliyochorwa mistari, kisha akajaza chupa. Chupa zilipakiwa katika kreti, zikapelekwa Nangurukuru na kupanda basi la Lindi. Huko maabara walipima tope lililomo, wakatuma majibu. Januari mvua zilizidi na mto ukajaa hadi kifuani mwa mtu mzima. Vipimo vya kina vilipanda. Vipimo vya tope vilibaki vilevile vya kiangazi.

Mto unaojaa bila kubadilika rangi haupo. Hilo halihitaji chuo. Tekla alipiga simu Lindi mara kadhaa, na kila mara Valentini, mkuu wa maabara, alimhakikishia kwamba mizani ilikuwa sawa. Mara ya mwisho alimwambia kwamba huenda amegundua mto safi kuliko yote nchini, na kwamba afadhali aache kazi ya serikali aanze kuuza maji ya chupa.

Tekla hakucheka, kwa sababu Alhamisi ilikuwa inakaribia. Siku hiyo kamati ya jumuiya ya watumia maji ingekaa kutoa maoni juu ya machimbo ya kokoto yaliyoko juu ya Kikole. Machimbo yale yaliosha kokoto na kuyarudisha maji mtoni, na kibali chao cha kufanya hivyo kilikuwa kinaisha mwezi huohuo. Watu wa Kikole walikuwa wamelalamika kwamba kichujio cha pampu yao huziba kila baada ya siku chache, kwamba mota imekwisha kuungua, na kwamba wanawake wamerudi kuchimba visima mchangani. Malalamiko yalikuwa mazito. Lakini vipimo vilivyokusanywa na Kikole yenyewe vilisema kwamba mto ni safi. Vikisomwa Alhamisi, malalamiko yangekufa, tena kwa mkono wa walalamikaji.

Mchotaji wa Kikole alikuwa Bi Adija Likwanya, mkulima wa korosho na ufuta, mwanamke aliyekuwa akikaribia miaka sitini. Kijiji kilimchagua kwa sababu hakuna aliyekumbuka siku aliyochelewa jambo. Alishuka njia ya mtoni na ndoo kichwani na mfuko wa chupa begani. Alipomwona Tekla hakupunguza mwendo.

Tekla alimwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja bila hodi. Leo kuna kesi?"

Tekla alijibu kwamba hakuna kesi. Alitaka tu kuona kazi inavyofanyika. Bi Adija alisema kutazama si haramu, ila kwake anayetazama hushika ndoo, na akampa ndoo.

Alifanya kila kitu kama alivyofundishwa. Alisoma kina kwa sauti. Aliisuuza chupa mara tatu. Aliingia majini akiwa ameelekea mto unakotoka, ili miguu yake isivuruge maji anayoyachota, akaizamisha chupa mpaka ikajaa chini ya uso wa maji. Alipoiinua, maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tekla alipumua. Tope lilikuwepo.

Kisha Bi Adija akapanda ukingoni. Akatoa jagi ndani ya ndoo aliyoishika Tekla, akalifunika mdomo kwa kipande cha shuka jeupe kilichokunjwa mara nne, na akayamimina maji ya chupa juu yake taratibu, bila haraka, kama mtu aliyezoea. Aliyasubiri yapite yote. Akaisuuza chupa, akayarudisha ndani maji yaliyochujika, akafunga kifuniko, akaipangusa kwa pindo la kanga. Akamkabidhi Tekla chupa kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukikishika kiwiko, kama mtu anavyompa mgeni maji ya kunywa.

Maji yalikuwa meupe.

Tekla aliuliza kwa nini ameyachuja.

"Nisiyachuje?" Bi Adija alishangaa kweli. "Hapo kwenye chupa kuna jina langu na jina la kijiji changu. Inakwenda mjini kwa watu nisiowajua wala wao hawanijui. Niwapelekee tope? Watasema Kikole hakuna mwanamke."

Tekla alilielewa jambo hilo papo hapo, na ndilo lililomuumiza. Kwao Newala bibi yake alichuja vivyo hivyo. Hapa Kikole, mwezi wa Oktoba, alikunywa maji yaliyochujwa nyumbani kwa Bi Adija mwenyewe, akashukuru, na hakuona kitu. Tena aliwafundisha wachotaji wakati wa kiangazi, mto ukiwa mwembamba na wa kung'aa, siku ambayo hapakuwa na tope la kuchuja. Aliwafundisha kusuuza, kuzamisha, kufunga na kuandika. Jambo moja hakulikataza, kwa sababu hakuna mwalimu wake aliyewahi kudhani kwamba litahitaji kukatazwa.

Walikaa juu ya jiwe. Tekla alieleza upya, polepole, chupa zile zinatumika kwa nini. Alieleza kwamba maabara haiyanywi maji yale, bali inalitafuta tope lenyewe. Kwamba tope ndilo linaloonyesha udongo umetoka wapi na mto umeumizwa wapi. Alieleza habari ya Alhamisi. Bi Adija alisikiliza akiwa amekunja kile kipande cha shuka mapajani.

"Kwa hiyo machimbo yatapewa kibali kwa ushahidi wangu," alisema.

"Kwa ushahidi wa chupa, mama."

"Chupa nilijaza mimi."

Tekla alisema kwamba kulikuwa na njia nyepesi. Angeweza kuandika kwamba sampuli za Kikole ziliharibika safarini, joto na mtikisiko wa basi, na vipimo vyote vingefutwa bila mtu kutajwa. Alipoyasema hayo hakumtazama usoni.

"Na basi la Lindi limekosa nini?" Bi Adija aliuliza.

Bi Adija alisimama, akakung'uta kanga, na akasema kwamba Alhamisi atakuja mwenyewe na atalisema mwenyewe. Wakimwondoa, wamwondoe. Alitembea hatua chache akasimama, na bila kugeuka akasema kwamba hiyo kazi alikuwa ameipenda. Alikuwa amewaambia hata wajukuu wake kwamba jina la bibi yao linasomwa Lindi.

Jumatano asubuhi walipanda pamoja hadi machimboni. Mashine ya kuosha kokoto ilikuwa ikifanya kazi, na maji yake yalitiririka kwa mfereji mmoja yakaingia mtoni yakiwa mazito kama uji. Walichota juu ya machimbo, wakachota chini yake, saa ileile. Majibu ya Lindi yasingewahi kikao, hivyo Tekla alitumia mrija wake: bomba jembamba linaloonyesha ndani, lenye alama nyeusi kwenye kitako. Maji humiminwa kidogo kidogo, na mpimaji huchungulia kutoka juu mpaka alama ipotee. Kwa maji ya juu ya machimbo, mrija ulijaa karibu wote na alama ilikuwa bado inaonekana kwa mbali. Kwa maji ya chini, alama ilipotea kabla maji hayajafika upana wa viganja viwili. Bi Adija alichungulia, akaomba yamwagwe na yajazwe tena, akachungulia mara ya pili. Alitikisa kichwa akasema ametumia miezi mitano kuizuia alama hiyo isipotee.

Alhamisi, saa tisa alasiri, kamati ilikutana ndani ya ghala la chama cha msingi cha wakulima. Msimu wa korosho ulikuwa umepita, ghala lilikuwa tupu na magunia machache tu yalikuwa yamerundikwa pembeni, watu waliyakalia. Mwenyekiti, Mzee Iddi Mkumba, alifungua kwa dua na kuwakaribisha wageni. Mgeni mkuu alikuwa Sipriani Nampoto, msimamizi wa machimbo, mtu mnene, mcheshi, aliyezoeleka kijijini kwa sababu alilipa vibarua kwa wakati. Wachotaji wengine wawili walikuwepo pia: Magdalena, anayechota chini karibu na mikoko, na Stephano, anayechota juu msituni.

Mzee Iddi alimwomba Tekla asome vipimo. Tekla alisimama akasema kwamba vipimo vya tope vya Kikole havifai kusomwa, na kabla hajaeleza sababu, Bi Adija alikwisha kusimama.

Hakurefusha. Alisema kwamba kila asubuhi tangu Oktoba aliyachuja maji kabla ya kuyapeleka. Alisema hakutumwa na mtu, na mtaalamu hakujua. Alionyesha kwa mikono jinsi shuka lilivyokunjwa. Kisha akasema kwamba kama kuna lawama, kijiji kisibebe, ni yake, na akabaki amesimama.

Wa kwanza kusema alikuwa Sipriani, naye hakukosa la kusema.

"Mnaona? Bi Adija ametuchujia mto mzima kwa shuka la kitanda, nasi tunahangaika na mashine za mamilioni. Mwenyekiti, mimi naomba tumwajiri machimboni."

Watu walicheka, na kicheko kilimfika Bi Adija, kwa sababu aliishusha kanga yake mabegani na kuipandisha tena. Sipriani aliendelea, sasa bila mzaha. Alisema kwamba kama vipimo vya wanakijiji viko hivyo, basi hakuna kipimo chochote, na bila kipimo hakuna lawama. Kuhusu mrija wa Jumatano, ambao vijana wake walimsimulia, mvua ilinyesha wiki nzima. Mito yote ilikuwa na tope. Kamati iwe na haki.

Tekla alikiri kwamba siku moja haitoshi. Aliongeza kwamba siku hiyohiyo moja, juu ya machimbo, maji yalikuwa mepesi, na mvua haichagui upande wa mto. Sipriani alisema siku moja ni siku moja. Bertha, mjumbe aliyelima mboga bondeni na ambaye hakuwahi kupatana na Bi Adija, alisema ni aibu kijiji kuchekwa namna hii, na akapendekeza mchotaji abadilishwe leo leo ili kazi ianze upya na mtu mwingine.

Mzee Iddi aliuliza nani anaunga mkono. Mikono ilianza kuinuka. Bi Adija aliitazama mikono hiyo. Ulikuwa mkono wa tano au wa sita ambao haukuwa wa kuunga mkono. Ulikuwa wa Magdalena, naye aliushikilia juu kwa muda mrefu mpaka mwenyekiti akamwona.

Magdalena alisema kwamba kabla hawajamwondoa Bi Adija anataka kuuliza tu. Yeye hachuji. Anayo shuka lakini hatumii. Yeye huyaweka maji kwenye mtungi usiku kucha, na asubuhi huyamimina ya juu kwenye chupa. Je, hilo nalo ni kosa?

Tekla alifumba macho. Mtu mmoja nyuma ya magunia alianza kucheka peke yake.

"Na wewe Stephano?" Mzee Iddi aliuliza.

Stephano alisema yeye ni mwanamume, hachuji wala hatuamishi. Watu wakamtazama. Akasema yeye, mto ukichafuka, hungoja. Huenda kupalilia, na kurudi jioni maji yakiwa yametakata, ndipo huchota.

Safari hii ghala lote lilicheka, na Sipriani alicheka kuliko wote mpaka akajipangusa macho. Mzee Iddi aliwaachia kidogo, kisha akainua kiganja. Alisema kwamba sasa kamati imeelewa jambo. Walimchagua Bi Adija kwa sababu ni mtu safi. Wakamchagua Magdalena na Stephano kwa sababu hiyohiyo. Wakiondoa wote watatu, watachagua wengine watatu safi, nao watafanya yaleyale kwa njia ya nne ambayo mtaalamu bado hajaisikia. Tofauti iliyopo ni kwamba huyu mmoja amekuja na kusema kabla ya kuulizwa. Bertha alisema hapo hana neno, na akaushusha mkono wake.

Ndipo Bi Adija akamgeukia Sipriani. Sauti yake haikupanda.

"Baba, mimi nilichuja kwa sababu niliona haya. Kosa langu nimelisema. Lakini nimechuja ndoo kwa kitambaa, mwanamke peke yangu. Wewe una mashine na vijana, na unaumwagia mto uji kila siku. Nawe chuja."

Sipriani alikaa kidogo akikuna ndevu. Alipojibu hakujibu kama alivyotarajiwa. Alisema kwamba yeye ni mtu wa uwanda wa juu, kusiko na mto, kwao mama yake aliamka usiku kwenda kutafuta maji, kwa hiyo asifundishwe thamani ya maji. Alisema kwamba mwaka jana aliwaomba wakubwa wake siku mbili za katapila achimbe mabwawa ya kutuamishia tope, wakamuuliza nani ameagiza. Hakuwa na mtu wa kumtaja. Alitumwa hapa kuchukua barua ya kuunga mkono kibali, na asiporudi nayo atagombezwa. Lakini akirudi na barua inayosema kibali kinangoja mabwawa, tena yenye muhuri, hiyo nayo ni karatasi ya kupeleka.

"Muhuri ninao," alisema Mzee Iddi.

Majadiliano yaliyofuata yalikuwa marefu na hayana haja ya kusimuliwa yote. Kamati ilikubaliana kupendekeza kwa ofisi ya bonde kwamba kibali kisihuishwe mpaka mabwawa yachimbwe na mto upimwe masika yote. Maji yatachotwa juu na chini ya machimbo, na kila mara mtu wa machimbo atasimama pamoja na mtu wa kijiji. Wachotaji watatu watabaki. Stephano aliuliza ikiwa mto ukijaa sana mtu anaruhusiwa kuogopa, na Tekla akamjibu kwamba kuogopa anaruhusiwa. Asichoruhusiwa ni kungoja mpaka jioni. Mto ukipita kifua, asome kina kutoka ukingoni na achote kwa ndoo ya kamba.

Kabla hawajatawanyika Tekla aliomba nafasi. Alisema kwamba aliwafundisha vibaya. Aliwafundisha mtoni wakati mto hauna cha kuficha, na hakuuliza kila nyumba inafanya nini na maji machafu. Aliomba kesho, mvua ikiwepo au isiwepo, waje wote watatu darajani waanze somo upya, na safari hii watavuruga maji kwa miguu yao wenyewe kabla ya kuyachota.

Bi Adija alisema atakuja, ila shuka ataliacha nyumbani, maana mkono una mazoea.

Yaliyofuata yalikuwa haya.

Tekla aliiandikia maabara ya Lindi siku hiyohiyo, akafuta vipimo vyote vya tope vya miezi mitano na kuacha vile vya kina. Sehemu ya sababu aliijaza kwa ukweli. Valentini alipiga simu, akacheka, akauliza, kisha akaagiza vituo vya mito mingine miwili vikaguliwe kwa namna ileile.

Mzee Iddi alipiga muhuri nakala tatu za barua, akabaki na moja.

Sipriani aliipeleka yake, akagombezwa, na siku ya tisa akapata katapila. Bwawa la kwanza lilibomoka kwa mvua. Alichimba la pili pana zaidi, nalo lilisimama.

Bertha alianza kulaza nyasi kavu kando ya bustani yake ili udongo wake mwenyewe usiteremke mtoni. Hakumwambia mtu kwa nini.

Magdalena aliurudisha mtungi jikoni.

Stephano alizamisha chupa mto ukiwa umejaa hadi kiunoni, akaipoteza, akarudi nyumbani kuchukua nyingine, akachota tena.

Bi Adija alichota Ijumaa asubuhi, baada ya somo la darajani, chini ya machimbo, kijana wa Sipriani akiwa amesimama pembeni yake. Aliifunga chupa ikiwa na rangi yake, akaiweka kwenye kreti pamoja na nyingine, kisha akaenda shambani kupalilia ufuta kabla jua halijawa kali.